Kuokoka Si Kujiokoa

Chukua mfano wa mwalimu Mkristo kutoka Busia au Kitui aliyepangiwa kazi Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Nyumbani kwao alikuwa mwanakwaya, fungu la kumi alitoa, na ibada ya Jumapili hakuikosa ila akiwa mgonjwa. Huku alikokwenda wenyeji ni wafugaji Waislamu, watu wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Hakuna kwaya inayomngoja. Ana Biblia yake na kiredio. Miezi ikipita anaanza kujiuliza kimoyomoyo: kwani mimi bado nimeokoka?

Usilicheke swali hilo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo. Na alfajiri ya Aprili 2, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, waliouawa walikuwa 148, baadhi yao wakiwa katika maombi ya asubuhi. Anayefanya kazi huko hawezi kuliahirisha swali la mwisho wake hadi uzeeni, kama tufanyavyo sisi wengine.

Kiswahili chetu kina jibu lake. Mkristo hasemi "nimejiokoa", husema "nimeokoka". Ndivyo asemavyo pia mtu aliyeopolewa katika mto Tana uliofurika. Huyo hawezi kudai nusu ya sifa eti kwa kuwa aliishika kamba aliyotupiwa! Mtume Paulo, katika sura ya pili ya Waraka kwa Waefeso, anauweka wokovu upande wa zawadi, akiuondoa kabisa upande wa mshahara. Mwalimu anaijua tofauti hiyo. Mshahara ukichelewa utadai, zawadi huidai.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami naona kosa hili limeenea kuliko lile la kutegemea matendo. Wanaifanya imani yenyewe kuwa nauli mpya: nikiamini kwa nguvu zaidi, Mungu atanikubali. Sasa fikiria mabwawa ya kuchimbwa ambayo wafugaji wa Garissa huyategemea. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo. Mabwawa yalikuwapo, mengi yakakauka kau. Mvua iliporudi mwaka 2023 haikuwa ujira wa yeyote aliyechimba shimo. Lakini penye shimo maji yalikaa. Imani ya Kikristo ni shimo la namna hiyo. Kazi yake ni kupokea, na hata likiwa dogo, maji yanayoingia ni yale yale ya mvua.

Utauliza, basi mtu atende apendavyo? La, hasha. Paulo huyo huyo, mara tu baada ya kuyaondoa matendo kwenye bei, anayarudisha kama kazi ambayo aliyeokolewa ameumbwa aifanye. Yakobo naye anasema imani isiyo na matendo imekufa, na Martin Luther, yule mtawa wa Ujerumani aliyezusha mjadala huu mwaka 1517, hakuupenda sana waraka wake. Ugomvi huo uliligawa Kanisa kwa karne nyingi. Hata hivyo, Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yake. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. (Habari hii sijui kwa nini haitangazwi zaidi mimbarini.)

Kwa hiyo mwalimu wetu akikosa ibada miezi mitatu, amekosa jambo kubwa: Meza ya Bwana, nyimbo, bega la mwenzake. Asidanganywe kwamba hayo si kitu. Ila wokovu wake haukuwekwa katika daftari la mahudhurio, hata afutwe humo kwa kutoonekana. Akimpata muuguzi mmoja na askari mmoja wa imani yake, wakae pamoja Jumapili jioni, wafungue Waefeso sura ya pili, waisome polepole.