Makao ya wazee Turkana yasianze kwa matofali

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Usemi huo twaufundisha darasani kila mwaka, lakini ni nadra kujiuliza ni nani huwatunza wazee hao neno linapowaharibikia wao wenyewe. Swali hili lina uzito wa pekee katika nchi ya Turkana, hususan Lodwar na Kakuma.

Huko, mashirika ya dini si wageni. Wamisionari wa Kikatoliki waliingia mwaka 1961 wakati wa njaa kali, na Dayosisi ya Lodwar ikaundwa mwaka 1978. Shule, zahanati na visima vingi ni matunda ya kazi hiyo, na Kakuma ina hospitali ya misheni. Basi iwapo kuna wa kuanzisha makao ya wazee katika sehemu hizo, ni wao. Naliunga mkono jambo hilo, ila kwa sharti moja: mpango usianze kwa matofali.

Sisi walimu tuna umri wa kustaafu unaojulikana, ambao mwaka 2009 ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60, na tuna malipo ya uzeeni. Mfugaji haandikiwi barua ya kustaafu. Hustaafishwa na magoti. Vijana wanapohamisha mifugo kutafuta maji na malisho, asiyeuweza mwendo hubaki nyuma, mara nyingi karibu na kituo cha biashara au misheni, pengine pamoja na wajukuu. Akiba yake ni mifugo, na ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwaacha wengi bila akiba. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018 Serikali imewapa Wakenya waliotimiza miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Lakini fedha hizo mara nyingi zimechelewa, na hata zikija, hazimchotei mzee maji wala kumpeleka hospitalini.

Kambi ya Kakuma nayo ilianzishwa mwaka 1992. Waliofika wakiwa watu wazima sasa ni wazee, na kwa kuwa si raia, Inua Jamii haiwahusu. Mgao wa chakula ulipokatwa mwaka 2025, mkongwe asiye na jamaa alitegemea nini?

Jijini Nairobi, mtaani Kasarani, Masista Wadogo wa Maskini wanaendesha Nyumba ya Wazee. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, na desturi yao ni kuomba sadaka ili kuwalisha wazee. Ni mfano wa kuheshimiwa, lakini haufai kunakiliwa neno kwa neno. Jiji lina masoko na matajiri. Lodwar, wakati wa ukame, mwombaji na mwombwa huwa na njaa moja.

Kwa hiyo mpango wowote sharti ujibu maswali matatu kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Kwanza, ni wazee gani hasa wasio na mtu, na wako wapi? Pili, mfadhili wa ng'ambo akiisha kupiga picha na kwenda zake, ni nani atakayelipa mishahara, dawa na maji katika mwaka wa kumi? Tatu, je, wazee wenyewe wameulizwa? Mzee wa Kiturkana amezoea kuketi chini ya mti wa wanaume, na ekicholong, kigoda chake, mkononi, akisikiliza na kuamua mambo ya jamii. Kumfungia katika chumba chenye kitanda safi na ukuta mrefu ni kumstaafisha mara ya pili.

Naona ni bora kuanza na kituo cha mchana karibu na hospitali, chenye kivuli, maji na chakula. Vitanda vichache kwa wasio na mtu kabisa. Na wahudumu waliofunzwa wanaowafuata wengine katika awi zao. Mlango uwe wazi kwa mwenyeji na mkimbizi, Mkristo na Mwislamu, na yule afuataye mila za baba zake.

Wapo wasemao kwamba kuwatunza wazee ni kazi ya watoto wao, na kwamba makao ni uzungu. Hoja yao ina ukweli, lakini si wote. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali pia. Familia isiyo na mbuzi hata mmoja haiongezewi nguvu kwa kulaumiwa. Huongezewa kwa kusaidiwa.

Wahenga hao hao walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Viongozi wetu wa dini wauzibe ufa kwanza. Ukuta, ukihitajika, utafuata.