BINTI YAKO UNAMNYIMA NANI?



Ndugu yangu Muislamu wa Arusha, ukipita mbele ya hekalu la Wahindu unatikisa kichwa. Una hoja. Rig Veda inasimulia kuwa Brahmana alitoka kinywani mwa Purusha, mtu wa mwanzo, na Shudra akatoka miguuni. Sheria za Manu zinamruhusu mwanamume wa juu kuoa mwanamke wa chini. Lakini mwanamke wa Kibrahmana akizaa na Shudra, mtoto ni Chandala, duni kuliko wote. Yaani tabaka linalindwa kwa mwili wa mwanamke.

Huo ni upotofu. Sasa rudi nyumbani.

Wamasai, majirani zetu hapa Meru, wana wahunzi wao, Ilkunono. Mikuki na sime walifua wao, lakini mila iliwakataza wengine kuoana nao, na aliyepokea chuma chao alijipaka mafuta mikononi kwanza. Je, Nabii Daud (a.s.) hakulainishiwa chuma na Mola wake, akafua nguo za vita? Naye ungemkataa?

Usiwacheke Wamasai. Kijana mwenye dini akija kuposa kwako, unaanza na swala yake au kabila lake? Mwanao wa kiume huoa atakako. Binti huambiwa, "Huyo si wa damu yetu," kisha mnaita kafaa!

Suratul Hujurat, aya ya 13, imeweka ubora kwenye uchamungu. HAIKUTAJA DAMU.

Mkosoe Mhindu, lakini muozeshe kwanza binti yako kwa haki.

Wabillahi tawfiq.