Msijaribie programu kwa watu wetu

Ukinipa kazi ya kutengeneza programu ya chama cha akiba na mikopo, kitu cha kwanza nitakachokataa ni daftari lako la wanachama. Wateja hushangaa. Majina yapo, simu zipo, salio lipo, kwa nini nisijaribie humo humo? Kwa sababu programu ya majaribio bado ina matundu, na nakala zake huzagaa kwenye kompyuta za vijana watatu wanne. Yeyote kati yao anaona nani anadaiwa nini. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi alilozitolea. Mwanachama alitoa namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ili akopeshwe, si ili ijaribiwe programu.

Basi tunabuni watu. Programu kama Faker inakupa watu elfu moja kufumba na kufumbua, ila usipoielekeza inakupa Wamarekani na mitaa yao. Programu iliyofaulu kwa hao haijakutana na mtu wa kijijini kwetu Lundo. Kwetu huku mwambao wa Ziwa Nyasa anwani ni kitongoji, kijiji na kata. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, na karatasi za zamani bado zimeandikwa Mbinga. Akina Komba na Ndunguru wanaweza kujaza ukurasa mzima, na kuwakuta wawili waliofanana majina yote matatu si ajabu. Bibi anaujua mwaka aliozaliwa, siku haijui. Simu moja inatumiwa na nyumba nzima. Haya nayatia kwa makusudi kwenye orodha yangu ya kubuni, maana ndiyo yanayoangusha programu. Hata namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa; ukiibuni bila kuilinganisha na tarehe ya mtu wako, hujajaribu kitu.

Kwenye simu ndiko kuna hatari. Marekani wametenga namba 555-0100 hadi 555-0199 kwa ajili ya watu wa kubuni. Hapa ukibuni namba ya 07 kiholela, kuna mtu ataipokea. Shangazi yangu alikuwa Lundo anageuza usipa kichanjani, meseji ikaingia: anadaiwa shilingi 1,350,000, alipe ndani ya siku saba la sivyo mali zake zitakamatwa. Hajawahi kukopa popote. Alinipigia sauti ikitetemeka: "Mwanangu, nani amekopa kwa jina langu?" Usiku ule hakulala. Kumbe kuna mtu alikuwa anajaribu programu ya mikopo, akaandika namba zilizomjia kichwani, na mtambo wa kutuma meseji ulikuwa wazi. Sioni kisingizio. Mtambo huo hufungwa kwanza, ndipo majaribio yaanze.

Ningependa TCRA itangaze fungu la namba za majaribio, lijulikane na kila mtengenezaji wa programu. Nanyi viongozi wa AMCOS, SACCOS na zahanati, kabla hamjasaini mkataba muulizeni fundi wenu atajaribia kwa taarifa za nani. Akijibu kwamba atatumia za wanachama au za wagonjwa wenu, msimpe kazi.