Tshangalele: Mitambo ya umeme imepata fedha, viota vya samaki bado vinangoja

LIKASI – Kila mara samaki wanapopungua kwenye masoko ya Likasi, wa kwanza kulaumiwa ni mvuvi. Inasemwa nyavu zake zina matundu madogo, inasemwa wavuvi wamekuwa wengi kupita kiasi. Baada ya muda kidogo kidole kinaelekezwa kwa familia za wahami, zile zilizokimbia vita upande wa Mitwaba na Pweto zikaja kutafuta maisha kando ya ziwa Tshangalele. Maneno hayo ni mepesi kwa sababu hayamgharimu kitu anayeyasema. Tena yanaacha pembeni swali lenyewe: samaki wa Tshangalele wazaliane wapi?

Mvuvi anaonekana, mtumbwi wake unaonekana, wavu wake unaweza kukamatwa mchana kweupe. Kiota cha samaki hakionekani. Kiko chini ya maji ya kina kifupi, kwenye mchanga na matope ya ukingoni. Kikiharibika hakuna anayepiga kelele. Ndiyo maana ni rahisi kumfuata mvuvi na kuwaacha wengine wote walale usingizi.

Ziwa la kujengwa lina mwenyewe

Tshangalele si ziwa la asili. Lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930, wakati wa Union Minière, ili viwanda vya shaba vipate nguvu. Baadaye bwawa la Koni likajengwa chini zaidi kwenye mto huohuo. Hakuna aliyejenga mabwawa hayo kwa ajili ya samaki. Lakini maji yalipotanda bondeni samaki waliongezeka, watu wakaja, na leo kutoka Kapolowe mpaka Mwadingusha kuna vijiji ambavyo bukari yao haina kitoweo bila ziwa hilo.

Ziwa la asili limepata maelfu ya miaka kujitengenezea kingo, majani na mahali pa samaki kujificha. Ziwa la kujengwa linaishi kwa uamuzi wa binadamu. Anayefungua maji ndiye anayeamua ukingo utakuwa wapi wiki ijayo. Basi hawezi mtu kusema samaki ni mambo ya Mungu na ya wavuvi peke yao, huku maji yenyewe yanapanda na kushuka kwa mkono wa mtu.

Samaki anahitaji nini hasa

Jambo hili lilichunguzwa zamani, na lilichunguzwa humuhumu Lufira. Mwaka 1962 mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, Jean-Claude Ruwet, alichapisha utafiti juu ya namna aina mbili za tilapia zinavyozaliana katika ziwa la bwawa la Lufira. Aina ya kwanza ni macrochir. Dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai na watoto ndani ya mdomo wake. Aina ya pili ni ile iliyoitwa wakati ule melanopleura. Hiyo hula majani ya majini, na wazazi hulinda mayai na watoto palepale kwenye kiota. Watoto wa aina zote mbili wakishajitegemea hukaa kwenye maji ya kina kifupi, kati ya majani, wasije wakaliwa na samaki wakubwa.

Mtu asiye na shule anaweza kuelewa maana yake. Maji yakishuka haraka wakati wa kutaga, kiota kinabaki juu ya nchi kavu. Matete na mafunjo ya ukingoni yakichomwa ili kulima bustani, watoto wa samaki wanakosa pa kujificha. Vilima vikikatwa miti yote kwa ajili ya makala, mvua inaleta udongo na kuufunika mchanga wa kutagia. Na maji yanayotoka upande wa migodi na viwanda yakileta madini, yanatua kwenye matope yaleyale ambamo dume anachimba kiota.

Hilo la mwisho si uvumi wa sokoni. Mwaka 2010 watafiti wa Kongo na Ubelgiji walichapisha kazi juu ya bonde la Lufira ya juu, wakionyesha jinsi shaba, kobalti na madini mengine yalivyoingia katika mnyororo wa chakula. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mto Panda unapita Likasi na kumwaga maji yake Lufira, na Lufira inaingia Tshangalele. Anayetupa uchafu Likasi anautupa kwenye sahani ya mtu wa Kapolowe, na samaki akipanda gari kurudi mjini, uchafu unarudi Kikula na Panda kwa waliofikiri umekwenda mbali.

Kosa la mvuvi, na sababu yake

Hakuna haja ya kuwapamba wavuvi. Kukokota chandarua kwenye maji ya kina kifupi ni kuvuna watoto kabla hawajawa samaki. Kutia sumu ya majani ya buba ni kuua hata kile ambacho mtu hatakila. Kupiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie wavuni, juu ya viota, ni kuwafukuza wazazi na kuacha mayai bila mlinzi. Haya ni makosa, na anayeyafanya anamnyang'anya jirani yake chakula cha mwaka kesho.

Lakini ipo tofauti kati ya kosa la mwenye tamaa na kosa la mwenye njaa. Familia ya wahami inafika bila shamba, bila jembe, bila ndugu wa kuikaribisha. Shamba linangoja msimu mzima kabla ya kutoa kitu. Samaki anapatikana usiku huohuo. Wavu halali unauzwa kwa pesa ambayo mama huyo hana, na chandarua anacho tayari, alipewa ajikinge na mbu. Kumnyang'anya bila kumpa kingine ni kumwambia alale njaa kwa heshima ya sheria. Atarudi majini, na mara hii atarudi usiku.

Wenyeji nao wana haki ya kulalamika. Waliwapokea wageni, wakagawana nao ukingo na soko, na sasa wanaona samaki wao wanakuwa wadogo mwaka hadi mwaka. Ila hasira yao wameielekeza pasipo. Mhami hakufungua maji ya bwawa, hakukata msitu wote wa vilima, wala hakumwaga maji ya kiwanda mtoni. Akiondoka leo, viota vitaendelea kukauka na matope yataendelea kupokea madini.

Kumwaga vifaranga hakutoshi

Wapo wanaosema dawa ni moja: kumwaga vifaranga vya samaki ziwani, hata vya aina ya kigeni inayokua haraka. Katanga inajua mambo ya vifaranga, kwani Kipopo, karibu na Lubumbashi, ufugaji wa tilapia kwenye mabwawa madogo ulifanyiwa utafiti tangu wakati wa wakoloni. Lakini bwawa la kufugia lina mtu anayelilisha na kulilinda. Kumwaga vifaranga kwenye ziwa ambalo kingo zake zimeharibika ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na samaki wa kigeni ana hatari yake. Ziwa Naivasha la Kenya ni mfano. Humo aliletwa kutoka Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, samaki mkali wa mdomo mpana anayeitwa besi, ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja mdogo wa asili, asiyepatikana kwingine. Mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962. Hata kama sababu zilikuwa zaidi ya moja, samaki aliyetoweka hakurudi.

Huko kwao besi, watu wamejifunza jambo lingine. Katikati ya jangwa, mpakani mwa Arizona na California, kuna ziwa Havasu, la kujengwa kama Tshangalele, nyuma ya bwawa la Parker lililokamilika mwaka 1938. Katika maziwa kama hayo, miti iliyofunikwa na maji huoza kadiri miaka inavyopita, chini kunabaki kweupe, na samaki hukosa pa kujificha. Mwaka 1992 idara za serikali pamoja na wavuvi wa kujitolea walianza mpango wa kuzamisha matawi yaliyofungwa pamoja na maficho mengine ya kutengenezwa katika vihori vya ziwa hilo. Waliona kwamba aliyejenga ziwa anapaswa pia kujenga nyumba ya samaki. Mvuvi hakufukuzwa, alipewa kazi.

Hata Afrika ina ujuzi huo. Benin, wavuvi wa rasi wamekuwa wakichomeka matawi majini tangu zamani, wanaita acadja, na samaki wanakusanyika humo kula na kuzaliana. Kweli, si kila kitu cha kuigwa. Acadja inakula miti mingi, na Haut-Katanga imeshakata ya kutosha kwa makala. Lakini mianzi na matawi ya miti ya kupandwa yapo, matete yanaweza kurudishwa ukingoni, na kazi ya salongo watu wanaijua.

Pesa zipo

Jibu la wakubwa linajulikana: hakuna pesa. Mwaka 2021 kazi ya kufanya upya mitambo ya Mwadingusha ilifikia mwisho, kwa ushirikiano wa SNEL na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula, na kituo kikawa na uwezo wa megawati 78 hivi. Hilo ni jambo jema, kwani umeme unahitajika. Lakini maji yanayozungusha mitambo ile ndiyo maji ya samaki. Kama fedha za kutengeneza chuma zilipatikana, ukingo wa ziwa ulikosa nini?

Sheria nayo ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni zinazochimba zitoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na inagawia maeneo ya chini asilimia 15 ya ushuru wa madini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inasema anayechafua ndiye anayelipa. Bonde la Lufira limeandikwa kati ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa dunia nzima, chini ya mkataba wa Ramsar, tangu mwaka 2017, na hifadhi ya Lufira inatambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1982. Majina makubwa yote hayo, na bado tilapia hana hata kihori kimoja ambacho mtoto wa kijijini anaweza kuonyesha na kusema: hapa hapavuliwi, hapa ni nyumba ya samaki.

Yanayopaswa kudaiwa

Kwanza, wanaosimamia bwawa watangaze mapema, kwa redio na kwa Kiswahili, maji yatashuka lini na kwa kiasi gani. Hakuna anayeomba mitambo izimwe. Kinachoombwa ni maji yasishushwe ghafla wakati wa kutaga, pale inapowezekana.

Pili, vihori vya kuzalia vichaguliwe na wavuvi wenyewe pamoja na machefu wa kimila, viwekewe alama, na visivuliwe mwaka mzima. Afadhali vihori vichache vinavyolindwa kweli kuliko ziwa zima linalofungwa kwenye karatasi.

Tatu, chandarua na kokoro vibadilishwe kwa wavu halali, mkono kwa mkono. Na wahami wapewe nafasi ya kwanza katika kazi za malipo za kupanda matete na miti, ili siku ya kutovua isiwe siku ya kutokula.

Nne, maji ya Panda, Lufira na ziwa yapimwe, samaki wapimwe, na matokeo yasomwe hadharani. Mama anayenunua samaki Kikula ana haki ya kujua anachopika.

Tano, wahami wawe na mjumbe mwenye sauti katika kamati za wavuvi. Anayehusishwa kutunga sheria huilinda, na anayeletewa tu huikimbia.

Shirika la raia la Likasi na la Kapolowe linaweza kuyabeba madai haya matano kabla ya mvua zijazo, maana tilapia hangoji kikao. Mbunge, meya au gavana atakayesimama mbele ya watu kusema juu ya nyavu, aulizwe kwanza juu ya viota. Akikosa jibu hapo, hana ruhusa ya kumnyooshea kidole mtu aliyefika ukingoni akiwa na watoto na chandarua.