Giza Lauzwa Ghali

Wako wasemao kwamba ukitaka kumtia mtu hofu, mpakie katika chombo kiendacho mbio. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni mlima usio mlima.

Huko Florida, Marekani, katika viwanja vya michezo vya Walt Disney World, lilifunguliwa Januari 15, 1975, jumba liitwalo Space Mountain. Nje ni jengo jeupe la mviringo lenye kilele. Ndani mna vigari vya reli vinavyovutwa kwa mnyororo hadi juu, kisha huachiwa vikashuka kwa uzito wavyo wenyewe, abiria akijiona yu safarini baina ya nyota. Disney mwenyewe, aliyekuwa na wazo hilo, hakujaaliwa kuliona jumba. Alifariki Desemba 1966.

Sasa sikilizeni ajabu. Vigari hivyo mwendo wavyo ni kama kilomita 45 kwa saa. Matatu zetu huupita mwendo huo na abiria wamesinzia! Formula Rossa, iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 2010 nje kwenye jua, iliundwa kwenda kilomita 240. Hata hivyo watu hutoka mle mlimani wakiapa kwamba wamekwenda kama risasi. Sababu ni giza. Reli haionekani, kona haijulikani iko wapi, na mtu hawezi kujikaza kabla haijamfika. Jicho lisichokiona, moyo hukikuza.

Bibi zetu walikuwa na elimu hii bila ya reli wala mnyororo. Utambi wa kandili ulipunguzwa, tukajipanga mkekani, na kwa sauti ndogo zimwi likaingia chumbani. Nywele zilitusimama, wala hatukulipa hata senti.

Siwalaumu Wamarekani, wao wameijua thamani ya giza wakalijengea jumba. Nawalaumu wazazi wa hapa kwetu wasemao kwamba ngano ni porojo za kupoteza wakati, kisha Idi ikifika huwapa watoto fedha wakainunue hofu kwenye mapembea. Mtoto aonyeshwaye kila kitu hazoei kujiundia picha moyoni. Na asiyeweza hilo, shairi atalitungaje? Hata la mwenziwe, atalionjaje?

Basi usiku wa leo, zimeni taa ya ukumbini, na simu pamoja nayo. Kisha mwiteni bibi, naye apewe nafasi ya kusema.