LORI JIPYA, KUTU YA ZAMANI

Maoni ya Mhariri



Mwezi uliopita tuliketi na tajiri mmoja hapa Noonkopir kwa shauri la dreva mwenzetu. Mwenzetu ameturuhusu tukiandike kisa chake pasipo kutaja jina, ili wengine wapate fundisho.

Dreva huyo alikabidhiwa lori ambalo tajiri alikuwa amelinunua miezi mitatu nyuma. Kila mtu aliliita lori jipya. Jipya lilikuwa kwa tajiri, na namba zake zilikuwa mpya, lakini lilikuwa limekwisha kufanya kazi miaka kadhaa Uingereza kabla ya kupanda meli kuja Mombasa. Chini lilipakwa rangi nyeusi yenye kung'aa kama kiatu cha askari. Siku moja, likiwa na mzigo wa mchanga, hanga ya springi ya nyuma ilikatika katika barabara ya Namanga. Kwa rehema ya Mungu hakuumia mtu. Jioni ile dreva aliambiwa ya kuwa ameharibu gari kwa kwenda mbio juu ya matuta, na kwamba gharama yote itakatwa katika mshahara wake kwa miezi minne.

Katibu wetu hakugombana na mtu. Aliomba jambo moja tu, ile hanga iletwe mezani. Ilipoletwa, kila mtu aliona kwa macho yake. Chuma kilichokatika siku ile kilikuwa kipande chembamba kama ukucha, nacho kilikuwa cheupe. Kwingine kote palikuwa na kutu nyeusi na nyekundu, iliyokwisha kula chuma kwa muda mrefu chini ya ile rangi nzuri. Chuma kinene namna ile hakiliwi kikaisha kwa miezi mitatu. Tajiri alitazama, akanyamaza, na lile kato likafutwa.

Shauri hilo limekwisha, lakini jambo lenyewe halikwisha. Malori ya namna ile ni mengi katika barabara hii yetu ya Athi River, Kitengela, Kajiado na Namanga, yakibeba saruji, mchanga, kokoto na maji. Anayeketi juu ya kutu hiyo ni dreva na utingo wake, si aliyeipaka rangi.

Kutu hii hutoka wapi? Sisi twaendesha upande wa kushoto wa barabara kama Waingereza na Wajapani, na kwa hiyo magari mengi ya mtumba hutoka kwao. Uingereza wakati wa baridi chumvi humwagwa barabarani ili barafu isishike, na katika sehemu za theluji za Japani dawa za namna hiyo hutumika pia. Maji ya chumvi hurushwa na magurudumu, yakaingia katika kila pembe ya chesisi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na chuma chenye chumvi na unyevu hakina usalama. Kisha lori huvuka bahari, likakaa bandarini katika upepo wa chumvi.

Hata likifika kwetu halipati mapumziko. Udongo mweusi wa Kitengela hujibana ndani ya chesisi wakati wa mvua na kushika maji siku nyingi baada ya jua kuwaka. Wanaobeba chumvi ya Magadi wanajua inavyopenya kila mahali. Magadi yenyewe ikilowa hula alumini, na siku hizi matangi mengi ya mafuta na ya upepo hutengenezwa kwa alumini. Tena maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi, jambo ambalo kila mkazi analijua kwa ladha ya chai yake. Ukiosha lori kwa maji hayo na kuliacha likauke, umeondoa matope na kuacha chumvi.

Basi, ndugu dreva, ukikabidhiwa lori ambalo kwako ni jipya, usitazame rangi ya kebini na redio. Lala chini ulitazame. Chukua tochi na nyundo ndogo, ukague haya:

1. Chesisi yote, hasa nyuma ya kebini, juu ya ekseli, na mahali vyuma vya kukingama vinapofungwa kwa riveti au bolti. Chuma kizima ukikigonga hulia; kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, na magamba huanguka.

2. Mahali mabati mawili yamelaliana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hutanua mabati hayo hata kuvimba na kukata riveti. Uvimbe ukionekana, usiamini rangi iliyo juu yake.

3. Hanga za springi na mabano yake.

4. Paipu za breki, matangi ya upepo na chemba za breki. Paipu hulika mahali inaposhikwa na klipu, ambapo matope hukaa. Chemba za breki za nyuma usizifungue kamwe, kwa maana ndani mna springi kubwa yenye nguvu ya kuua mtu. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa mwenye vifaa vyake.

5. Chini ya betri, maana asidi inayodondoka hula chuma upesi.

6. Rangi nyeusi mpya au lami iliyopakwa nene. Rangi si kosa, lakini muuzaji anayepaka lori la zamani upande wa chini peke yake anapasa kuulizwa sababu.

Yote uliyoyaona yaandike, tia tarehe, piga picha kwa simu yako, mpe tajiri au msimamizi nakala, nawe ubaki na yako. Mwenzetu wa kisa hiki angekuwa na karatasi ya siku ya kwanza, shauri lake lisingefika mezani.

Sasa twasema na matajiri, na pia na wanachama walionunua lori lao wenyewe kwa mkopo, ambao wamekuwa wengi. Kutu ikiwa ya juujuu, dawa yake ni kazi ya siku chache. Lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, matope yote yatoke, likauke kabisa. Magamba yakwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kizima kionekane. Palipobaki madoa pawekwe dawa ya kutu. Kisha ipakwe rangi ya msingi yenye zinki, na juu yake rangi ngumu. Ndani ya mashimo ambamo brashi haifiki ipulizwe nta ya kuzuia kutu. Breki, mipira na nyaya zifunikwe kwanza. Kupaka rangi au lami juu ya kutu bila kuikwangua ni kuifungia ndani pamoja na maji yake, nayo itaendelea kula mahali usipoiona.

Wengine humwagia oili chafu chini ya gari. Hatuisifu desturi hiyo. Oili hiyo huharibu mipira, hushika vumbi, huchafua udongo, na ikikaa juu ya ngozi ya fundi siku baada ya siku yaweza kumletea saratani.

Ikiwa chesisi yenyewe imeliwa, si kazi ya rangi tena. Wala asiitwe mchomeleaji yeyote abandike kipande. Chesisi za malori mengi ni za chuma cha nguvu, na kuchomelea ovyo huzidhoofisha. Kitabu cha mtengenezaji kifuatwe, betri ifunguliwe nyaya, na vifaa vya kompyuta vya gari vilindwe kama kitabu kinavyoagiza. Fundi asiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara, naye apewe miwani na kifuniko cha pua kabla ya kushika grinda. Mafundi wa jua kali nao ni wafanyakazi, na mapafu yao si ya bei rahisi.

Tajiri atasema gharama ni kubwa. Twamjibu kuwa brashi, rangi na siku tatu za gereji ni fedha kidogo kuliko lori lililolala mtaroni na mzigo wake.

Mwisho, mjue haki yenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amefanya kosa la kusudi, na hata hapo kwa kiasi cha haki. Kutu iliyotoka ng'ambo si kosa la kusudi la dreva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na hawezi kulazimishwa kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa, wala kufukuzwa au kuadhibiwa kwa kuondoka akiwa na sababu ya haki.

Lakini haki ina wajibu wake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haimwangalii mwenye gari peke yake. Anayeendesha gari bovu barabarani naye hushtakiwa. Kusema "tajiri aliniambia niende" hakutakutoa mahakamani, wala hakutamrudishia mama mtoto wake aliyekuwa akivuka barabara. Cheti cha ukaguzi wa kila mwaka nacho ni cha siku ile moja. Kutu haingojei tarehe.

Kwa hiyo Chama kinawaomba mambo mawili. Kwanza, kila dreva na utingo wakague chini ya lori lao pamoja angalau mara moja kila mwezi, na baada ya kila safari ya Magadi au pwani. Pili, mtu akikataa kuendesha lori lililoliwa, mwingine asikubali kupanda mahali pake kwa tamaa ya safari moja. Hapo ndipo tajiri hutushindia. Mmoja hukataa kwa akili, mwingine hukubali kwa njaa, na lori bovu huondoka vile vile.

Tukikataa wote, litabaki gereji mpaka litengenezwe. Umoja ni nguvu.

Mhariri