Kioo cha Kazi na Haki ya Macho



Nyumba nyingi za mwambao siku hizi ni makazi na ofisi kwa pamoja. Yupo mama anayeandika hesabu za duka, yupo anayefasiri, na yupo anayesomesha Qur'ani kwa njia ya intaneti. Ajabu ni kuwa katika baadhi ya nyumba hizo sebule ina televisheni ya inchi 43, ilhali mwenye kufanya kazi ameinamia kipakatalishi juu ya meza ya kulia tangu asubuhi. Jioni shingo yamuuma na macho yamwasha. Akitaja kununua kioo cha kompyuta, huambiwa kuwa ni anasa. Sisi twaona ni kitendea kazi, kama cherehani kwa mshonaji.

Sababu yake ni nyepesi. Katika kipakatalishi, kioo na vibonye vimeungana: mikono ikistarehe, shingo huinama; shingo ikinyooka, mikono huning'inia. Kioo cha pekee huvunja kifungo hicho.

Kabla ya kwenda dukani, tupime meza. Inchi za kioo hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Kioo cha inchi 24 kina upana wa takriban sentimita 53, na cha inchi 27 takriban sentimita 60. Macho yapaswa kuwa mbali na kioo kwa kiasi cha urefu wa mkono. Meza ikiwa nyembamba na imesukumwa ukutani, kioo kikubwa kitamkaribia mno mtumiaji, naye atakuwa akigeuza kichwa huku na huku mchana kutwa. Kwa kazi nyingi za nyumbani, inchi 24 zatosha.

Jambo la pili ni wingi wa nukta zinazounda herufi. Nukta 1920 kwa 1080 huonekana vyema katika inchi 24. Nukta zizo hizo zikitandazwa katika inchi 27, herufi huanza kukwaruza. Kioo cha ukubwa huo chafaa kiwe na 2560 kwa 1440. Muuzaji atasifu pia kasi ya kioo kwa hezi 144 au zaidi. Hizo ni za wacheza michezo; mwandishi wa hesabu hezi 60 zamtosha. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, basi tusilipie tusichokihitaji.

Lililo bora kulipiwa ni mguu unaopanda na kushuka, kwani ukingo wa juu wa kioo wafaa ulingane na macho au uwe chini yake kidogo. Mguu usiopanda waweza kuinuliwa kwa ubao imara, wala si kwa misahafu na vitabu vya elimu. Tuulize pia kama kioo kina tundu la HDMI au USB-C linalolingana na kompyuta iliyopo.

Wengi wetu hununua vioo vilivyokwisha kutumika, na si vibaya. Tuombe kiwashwe papo hapo, kioneshwe cheupe kitupu, kisha cheusi, chekundu, kijani na buluu. Nukta iliyokufa itajifichua. Tukiache kikiwaka nusu saa tuone kama chatetemeka au chafifia, na dhamana iandikwe kwenye risiti. Muuzaji naye akumbuke kuwa sheria yetu yamlazimu kubainisha aibu ya bidhaa anayoijua, na kwamba mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha.

Nyumbani, jua letu la pwani ni kali. Kioo kisitazamane na dirisha wala kisilipe mgongo. Dirisha liwe ubavuni. Tuchague kioo kisichong'aa kama kioo cha kujitazamia. Na kwa kuwa mwenye kukodolea kioo hupepesa macho kwa uchache, kila dakika 20 na atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Sala nazo, alhamdulillahi, hutuinua kitini kwa wakati wake.

Enyi waume na watoto wakubwa, mazungumzo haya ni yenu kuliko ya mama. Yeye huenda asiombe, kwa kuzoea kujiweka nyuma ya mahitaji ya wote. Mkae naye, mpime meza yake, mumuulize ni saa ngapi macho huanza kumwasha. Kisha kioo kikifika kiwe chake: kisihamishiwe sebuleni siku ya mpira. Macho ni amana, na hayauzwi dukani.

Wabillahi tawfiq.